Kamati ya Jambo Letu

Kwanza niseme wazi: mimi si mtu wa hasira. Wanaosema nina hasira ni wale wale wanaomwaga chai kwenye kibodi kisha wananiita kuniambia kwamba imejimwagia yenyewe. Mimi ni fundi wa kompyuta katika kiwanda cha maziwa. Kazi hii niliirithi kwa kijana mmoja mpole kupita kiasi, ambaye watu walimwita Ndiyo Bwana kwa sababu hakuwahi kumkatalia mtu yeyote jambo lolote. Alipopata kazi kwingine walimuaga kwa keki na hotuba, naye akanikabidhi funguo za chumba cha seva na balaa lililokuwemo.

Balaa lenyewe lilikuwa hili. Kuingia kwenye mfumo wa kiwanda kulikuwa kumegeuka safari. Unaandika jina, unaandika neno la siri, unabonyeza, halafu kiduara kinaanza kuzunguka. Kinazunguka. Unakwenda kunawa uso, unarudi, bado kinazunguka. Wengine walikuwa wakiutumia muda huo kusali, na sikuwalaumu.

Aliyeumia kuliko wote ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Kiwandani kila mtu anamwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri, lakini kwangu mimi ni wa damu. Yeye ndiye anayepokea maziwa. Lori la tangi likiingia anapanda ngazi, anachota sampuli, anainusa, anaipima, anashuka kuingiza vipimo kwenye kompyuta iliyo dirishani kwake, na hapo ndipo bomba linafunguliwa. Asipoingia kwenye mfumo, bomba halifunguliwi. Na kwa ajili ya usalama, mfumo ukiachwa kidogo bila kuguswa unakufungia nje. Kwa hiyo kila akitoka kuchota sampuli, akirudi anaanza upya: jina, neno la siri, kiduara. Huko nje malori yanapanga foleni hadi barabarani, jua linapanda, na maziwa hayajui maana ya subira.

Wiki moja tangi zima la maziwa lilichachuka likiwa kwenye foleni. Meneja wetu, ambaye aliletwa kutoka makao makuu na hakuwahi kukanyaga kantini yetu tangu aje, akaniita ofisini kwake akiwa amefura. Akaandika neno lake la siri kwa kidole kimoja mbele yangu, na mfumo ukafunguka kabla hajakiinua.

"Umeona, binti?" akasema. "Mfumo hauna tatizo. Tatizo ni mtu. Mama amechoka, mikono imekuwa mizito. Nitaweka kijana pale dirishani, yeye ahamie stoo ya makreti."

"Bosi, nipe muda niangalie."

"Una mpaka Ijumaa."

Stoo ya makreti iko nyuma kabisa ya kiwanda. Haina dirisha, na anayekaa humo hasalimiwi na mtu kutwa nzima. Shangazi anajua jina la kila dereva, jina la mke wake, na goti lipi linamsumbua. Kumpeleka stoo kulikuwa ni kumzika mzima mzima. Nilipomwambia alicheka, akasema si kitu, atapumzika, kisha akageuka akaanza kufuta kioo cha dirisha ambacho kilikuwa safi. Roho iliniuma.

Nikaingia kazini. Nikabadilisha waya. Nikasafisha seva, nikatoa humo vumbi la kutosha kupandia vitunguu. Nikaizima nikaiwasha, dawa ya mafundi wote duniani, na kiduara kikaendelea kuzunguka. Nikabeba kompyuta ya Meneja mwenyewe nikamwekea Shangazi dirishani, mambo yakawa yale yale. Mwisho nikamwomba Mhasibu aje aingie kwa jina lake kwenye kompyuta ya Shangazi. Ikafunguka papo hapo.

Mhasibu wetu ni mtu mkavu. Anakula peke yake, mlango umefungwa, na ukimsalimia anakuangalia kama anayekagua risiti.

"Ni nidhamu ya vidole," akaniambia, akaondoka zake.

Basi si waya, si mashine. Mfumo ulikuwa unabagua watu. Nikazunguka kiwandani nikiwaomba watu waingie mbele yangu, mmoja mmoja. Waliopita haraka walikuwa Meneja, Mhasibu, na mlinzi aliyeajiriwa juzi. Waliokwama walikuwa mama wa kantini, dada wa maabara, fundi mitambo, na kila mtu mwenye heri kidogo kwenye moyo wake. Shangazi ndiye aliyekwama kuwapita wote. Nikakaa kantini nikiumiza kichwa. Meneja, Mhasibu na mlinzi mgeni wanafanana nini? Hata viatu havifanani.

Jibu likanipitia mbele ya pua. Mke wa fundi mitambo alikuwa amejifungua, na kadi ya hongera ilikuwa ikizungushwa watu waandike majina yao. Ilitoka kwa mama wa kantini, ikaenda kwa dada wa maabara, ikaenda kwa Shangazi. Mhasibu alikuwa amesimama hapo hapo, amekuja kuchukua maji ya moto. Mkono ulioshika kadi ukampita ukaipeleka kwa mwingine. Hakuna aliyeona ajabu. Mhasibu mwenyewe hakuona ajabu. Nikaacha chai yangu nikakimbilia chumba cha seva.

Sasa nikueleze kuhusu kiwanda chetu na kamati. Hapa watu wawili wakipata mafua, inaundwa kamati. Kuna kamati za harusi, za misiba, za watoto, ya kuwakaribisha wageni na ya kuwaaga hao hao. Kila kamati inazaa kamati ndogo, ya vinywaji, ya mapambo, ya usafiri. Na ikishaundwa haivunjwi, maana ikivunjwa mwenyekiti atakuwa mwenyekiti wa nini? Iko kamati ya mtoto ambaye siku hizi yuko shule na ameng'oka meno ya mbele. Yote hayo hayakunihusu, mpaka nilipogundua kwamba Ndiyo Bwana, Mungu amsamehe, aliombwa aziandikishe kamati zote kwenye mfumo ili wanakamati watumiane ujumbe na picha. Naye alisema ndiyo.

Mfumo, kabla hujaingia, unataka kujua uko kundi gani na kundi hilo linaruhusiwa nini. Ni mlinzi wa getini asiyetosheka na jina lako, anataka na la kila jamaa yako, na kwa kila jamaa anakwenda kubisha hodi. Yule mlinzi wetu wa kweli, aliyeajiriwa juzi, hana jamaa, yaani hana kamati, anapita. Mhasibu hana, anapita. Shangazi alikuwemo kwenye kila kamati iliyopata kuundwa chini ya bati lile.

Nikaenda kumweleza Meneja. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akavua miwani.

"Yaani Mama anachelewa kwa sababu anapendwa?"

"Kwa maneno machache, ndiyo."

"Na mimi nafunguliwa haraka kwa sababu gani?"

Nikaangalia dari. Dari ya ofisi ya Meneja ni nzuri, imepakwa rangi juzi juzi.

"Sikubali," akasema, masikio yamemwiva. "Thibitisha."

"Basi niruhusu nikuingize kwa mkupuo mmoja kwenye kamati zote za Shangazi. Halafu kesho asubuhi ukae dirishani kwake, upokee malori mwenyewe."

Ningekuwa yeye ningekataa. Lakini mtu aliyekwisha sema kazi ni nyepesi hana pa kutokea, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Alhamisi asubuhi Meneja alikaa dirishani, mikono ya shati ameikunja, tai ameitupia begani. Lori la kwanza lilikuwa la dereva tunayemwita Honi, jina ambalo hakulipata bure. Meneja akaandika jina, akaandika neno la siri, akabonyeza. Kiduara kikaanza.

"Vipi hapo, mzee?" akauliza Honi kutoka juu.

"Subiri."

Honi akasubiri kiungwana, yaani akapiga honi mara moja tu. Mfumo ulipofunguka hatimaye, Meneja aliruka akakimbilia ngazi ya lori. Sampuli ya kwanza ikamwagikia tai. Akachota nyingine, akarudi anahema, akakuta mfumo umeshamfungia nje.

"Huyu anataka nini tena?"

"Anataka uingie upya," nikasema.

"Si nimeshaingia!"

"Uliingia, Bosi. Halafu ukatoka kuchota sampuli."

"Sasa sampuli ningeichota bila kutoka?"

"Hilo ndilo swali la Shangazi la kila siku."

Foleni ikajaa hadi barabarani. Honi akatoa kichwa nje. "Mzee! Tunajua haraka haraka haina baraka, lakini hizi baraka zako zimezidi!" Madereva wote wakacheka, na Meneja akaminya kitufe kwa nguvu kana kwamba nguvu ndiyo iliyokuwa imepungua. Shangazi alikuwa amesimama pembeni muda wote, mikono kifuani. Nilitegemea afurahi. Badala yake akaenda kantini akarudi na kikombe cha chai, akamwekea pale mezani.

"Kunywa, Meneja," akasema kwa upole. "Hapa ndipo mimi huwa nakunywa cha pili."

Meneja akanywa. Alipoingia tena, ujumbe wa kamati zote ulimmiminikia kwenye skrini, wa harusi zilizopita na misiba iliyosahaulika. Akasimama kwenye mmoja.

"Hii Kamati ya Kumkaribisha Meneja Mpya. Meneja huyo ni nani?"

"Ni wewe," Shangazi akasema. "Tulikusubiri kantini. Hukuja."

Meneja akamaliza chai yake, akasimama, akavua tai iliyonuka maziwa. "Zivunje," akaniambia. "Zote, leo hii. Kesho Mama aingie mbele ya macho yangu. Ikifunguka haraka, dirisha ni lake mpaka astaafu. Isipofunguka, sitaki kusikia tena habari za kamati."

Nikatangaza kantini kwamba kamati zote zinavunjwa. Ungedhani nimetangaza kubomoa nyumba za watu. Mwenyekiti wa vinywaji akasema hakuna kamati inayovunjwa bila kikao. Mwingine akaunga mkono, akapendekeza iundwe Kamati ya Kuvunja Kamati, na kabla sijafumba mdomo walikuwa wameshapata katibu. Niliwaambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikarudi kwenye seva kuzifuta mwenyewe.

Hazikufutika. Nikagusa kamati ya harusi ya dada wa maabara, mfumo ukakataa: imo ndani ya Jambo Letu. Nikagusa ya vinywaji: imo ndani ya Jambo Letu. Nikagusa ya yule mtoto aliyeng'oka meno: imo ndani ya Jambo Letu. Nikaifungua hiyo Jambo Letu. Ilikuwa imemeza kamati zote za kiwanda. Na kama haitoshi, yenyewe ilikuwa imewekwa ndani ya Kamati Kuu ya Sherehe, ambayo nayo imo ndani ya Jambo Letu. Yaani yule mlinzi wetu wa getini alikuwa anabisha hodi kwenye nyumba ile ile anayotokea, anazunguka mpaka anachoka. Ugonjwa wenyewe ulikuwa huo. Nikaangalia mwenyekiti ni nani. Alikuwa Shangazi.

Nikarudi kantini.

"Jambo Letu ni jambo gani?"

Kila mtu akaanza kuangalia kijiko chake. Mama wa kantini aligeukia sufuria lisilokuwa na kitu akaanza kulikoroga. Mhasibu tu, aliyekuja tena kuchukua maji yake ya moto, ndiye aliyenitazama usoni.

"Harusi yako," akasema. "Walitaka na mimi nishiriki. Nikawaambia kwanza tumwone bwana harusi."

Nilimkuta Shangazi dirishani kwake, anakausha vyombo vya sampuli.

"Shangazi, harusi gani? Naolewa na nani?"

"Na mume, mwanangu. Ulitaka uolewe na nani?"

"Mume yupi?"

"Huyo bado. Mengine yote yako tayari. Hata sare tumeshachagua."

"Sare?"

"Za kijani. Mama wa kantini aling'ang'ania zambarau, ikabidi tupige kura."

Nikamweleza, na sauti yangu sikuidhibiti. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako: kiduara kinachomtesa kila asubuhi amekitengeneza yeye mwenyewe, kwa kamati ya harusi isiyo na bwana harusi. Nikamwambia aivunje sasa hivi, kwa sababu kamati iliyo na mwenyekiti inatakiwa ivunjwe na mwenyekiti.

"Sivunji," akasema.

"Utapelekwa stoo ya makreti!"

"Nitakwenda. Makreti hayana maneno."

"Shangazi, ni jina tu kwenye kompyuta!"

Akaweka chombo chini. "Baba yako alipolala pale hospitalini," akasema polepole, "hakunikabidhi nyumba wala mali. Aliniambia, dada, mwanangu huyu ana mdomo. Watu watamkimbia. Usije ukamwacha aolewe kimya kimya kama mtu asiye na kwao. Sasa mimi na umri huu, nikiondoka kesho, nani atakumbuka kuwaita watu? Nikamwambia yule kijana wa kabla yako, waweke wote. Kila aliyepata kunishika mkono kwenye jambo, awemo. Asisahaulike hata mmoja."

Nilisema mwanzo kwamba mimi si mtu wa hasira. Wa machozi pia si mimi, lakini siku ile nililia, nimesimama kati ya mirija ya sampuli na foleni ya malori, na Honi, aliyekuwa amerudi na tangi la pili, akaacha kupiga honi kwa heshima. Nilikuwa nimemkumbuka baba yangu ghafla, mchana kweupe, kazini.

Nilipopata sauti nikavuta kiti.

"Kamati yako ibaki," nikamwambia. "Ila zile kamati zilizomo ndani tuzitoe, tuweke watu. Mtu mmoja mmoja, kwa jina lake. Mashine haitasumbuka, na hakuna atakayesahaulika."

"Wote?"

"Wale unaotaka wawepo."

Akafikiri, kisha akaanza kunitajia nami nikawa naingiza. Akamtaja mama wa kantini, kwa sharti akubali kijani. Akamtaja dada wa maabara, fundi mitambo, Honi na mkewe. Majina yakajitokeza kwenye skrini moja moja. Kisha akasema, "Mhasibu."

"Huyo si alikataa?"

"Alisema tumwone kwanza bwana harusi. Katika kiwanda kizima ndiye peke yake aliyeuliza swali la maana. Mweke. Na Meneja."

"Meneja anayetaka kukufukuza dirishani?"

"Huyo huyo. Tutamkalisha meza ya mbele, nimwone vizuri."

Baada ya hapo kamati nyingine zikaanza kufutika bila kinyongo. Nilipofika kwenye moja mkono ukanigoma. Ilikuwa ya msiba wa baba. Shangazi akaisoma juu ya bega langu.

"Hiyo ilifanya kazi yake vizuri," akasema. "Waliitika wote. Ifute."

Ijumaa asubuhi Meneja alikuja bila tai. Kiwanda kizima kilikuwa kimesimama uani, pamoja na Kamati ya Kuvunja Kamati, ambayo ilikuwa bado haijapanga tarehe ya kikao. Shangazi akaandika jina, akaandika neno la siri, akabonyeza, akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake kama alivyozoea. Hakukifikia. Mfumo ulikuwa umeshafunguka.

"Rudia," akasema Meneja.

Shangazi akatoka, akaingia tena. Ikafunguka.

"Basi," akasema Meneja. "Dirisha ni lako, Mama." Kisha akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mimi nimemfuta kwenye kamati zote. Nikamwambia zote isipokuwa moja. Hakuuliza ni ipi. Alielekea kantini, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Mhasibu alinifuata kabla sijafika ofisini.

"Kompyuta yangu leo imechelewa kidogo," akasema. "Vidole vyangu ni vile vile. Kuna nini?"

"Umeingizwa kwenye kamati."

"Mimi?" Akatazama nyuma yake. "Kamati gani?"

"Ya harusi yangu."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena.

"Sare ni rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani kinanikaa," akasema, akaenda zake upesi, asije akaonekana anatabasamu.

Niliporudi dirishani, Shangazi alikuwa ameshampokea Honi na kumaliza, hata honi hakupata nafasi ya kuipiga. Lori la pili lilikuwa bado linajisogeza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Shangazi alikuwa kazini na hana la kufanya. Hilo sikuwa nimelifikiria. Alikuwa ameegemea dirisha, kidevu mkononi, anaangalia foleni, na nikafuata macho yake hadi kwenye lori la nyuma, ambako dereva mgeni alikuwa amepanda juu anafuta kioo.

"Yule ameoa?" akauliza.

"Shangazi!"

"Nauliza tu. Kamati ipo, watu wapo, mashine haisumbui tena." Akajinyoosha, akatoa kichwa nje ya dirisha. "Honi! Hebu mwambie yule mwenzenu wa nyuma asogeze lori lake. Leo anayefuata ni yeye."